Kupekua hazina za muziki za Maktaba ya Bunge la Marekani: filimbi, karatasi na nta

Maktaba ya Bunge la Marekani ikitajwa pamoja na muziki, siku hizi watu hukumbuka kitu kimoja: filimbi ya kioo ya Rais James Madison, ile aliyoipuliza Lizzo jukwaani Washington mwezi Septemba 2022. Ni chombo kizuri na shamrashamra zake zilistahili. Ila mtu akiitazama filimbi hiyo peke yake, akapiga picha na kuondoka, atakuwa ameona kimoja tu kati ya vyombo karibu 1,700 vya mkusanyo huohuo, na hatajua kwa nini fundi alijisumbua kuchonga kioo ilhali miti ipo.

Jibu halimo ndani ya filimbi. Limo kwenye karatasi za hataza (haki za uvumbuzi), vitabu vya mafunzo ya upulizaji na orodha za bei za mafundi, ambazo aliyekusanya filimbi alizikusanya vilevile. Karibu kila hazina ya Idara ya Muziki iko hivyo. Vyombo vina ghala lao, nota zina lao, santuri na kanda ziko kwingine kabisa, na kimoja hufafanua kingine. Mwenye kujua njia ya kutoka ghala moja kwenda jingine ndiye anayefaidi.

Tuanze na filimbi. Mkusanyaji alikuwa Dayton C. Miller, mwanafizikia wa Cleveland, aliyefariki mwaka 1941 na kuiachia maktaba kila kitu kwa wosia. Miller hakukusanya kwa ajili ya pambo. Alikuwa mtafiti wa sauti, na ndiye aliyebuni fonodeiki, mtambo uliopokea mawimbi ya sauti kwa utando mwembamba, ukatikisa kioo kidogo cha kujitazamia, na mwanga ulioakisiwa na kioo hicho ukachora umbo la wimbi kwenye filamu ya picha. Swali lililomkera lilikuwa la zamani: je, filimbi ya dhahabu inalia tofauti na ya fedha au ya mti? Mwenyewe aliamini kwamba inalia tofauti. Majaribio ya mwanafizikia John Coltman yaliyochapishwa mwaka 1971 yalionyesha kwamba wasikilizaji hawawezi kutambua kuta za filimbi zimetengenezwa kwa nini, ikiwa umbo la ndani ni lilelile. Kwa maoni yangu hilo haliushushi mkusanyo hadhi hata kidogo. Alipotafuta jibu la swali lisilo na mavuno, Miller alikusanya ushahidi wa maswali mengine mengi yenye mavuno.

Kila chombo chake kina namba inayoanza na herufi DCM. Filimbi ya Madison ni DCM 378. Namba hiyo ndiyo ya kuandika kwenye daftari, wala si maelezo kama "filimbi ya kioo yenye fedha", kwa sababu filimbi za kioo za fundi huyo zimo karibu 20. Fundi ni Claude Laurent wa Paris, aliyepata hataza ya filimbi za kioo mwaka 1806. Ya Madison ni ya 1813, na jina la rais limechongwa kwenye kiungo cha fedha.

Kwa nini kioo? Filimbi ya mti hunywa unyevu. Pumzi ya mpulizaji ni ya joto na imebeba maji; upande wa ndani wa bomba hufura huku wa nje ukibaki mkavu, na bomba likikosa nafasi ya kufura hupasuka kwa urefu. Hata lisipopasuka, vipimo vyake hubadilika kidogo na sauti huhama. Kioo hakifanyi hivyo, na Laurent aliiuza sifa hiyo. Shida ilikuwa vibonyezo. Kwenye filimbi za mti za wakati huo, kibonyezo kiliegemea kijinundu cha mti uleule, na kioo hakichongeki hivyo bila kuvunjika. Laurent alikuwa na ujuzi wa utengenezaji saa, akavisimamisha vibonyezo juu ya vinguzo vidogo vya chuma vilivyofungwa kwenye bamba la fedha. Vinguzo vya namna hiyo leo viko kwenye kila filimbi ya okestra.

Sasa upande wa pili. Filimbi hizi huitwa "za kristali", lakini wataalamu wa uhifadhi walipozipima kwa mtambo wa eksirei unaotambua elementi, nyingi zilionekana kuwa kioo cha kawaida cha potashi, na chache mno, ile ya Madison ikiwemo, kioo chenye madini ya risasi. Tofauti hiyo ina uzito kwa anayehifadhi. Kioo cha potashi chenye mchanganyiko mbaya huugua: unyevu wa hewa hufyonza chumvi kutoka ndani yake, uso huwa na utelezi kama uliopakwa sabuni, na hewa ikikauka ghafla hutokea nyufa nyembamba kama nywele ambazo hazizibiki tena. Kwa hiyo filimbi mbili za fundi mmoja, zinazofanana kwa macho, zinaweza kuhitaji matunzo tofauti. Ukiona picha ya filimbi ya Laurent iliyofifia na kuwa na ukungu ndani, usidhani ni vumbi.

Chombo ninachokipenda kuliko cha Madison ni DCM 916, filimbi ya mpingo iliyotengenezwa na Johann Joachim Quantz, mwalimu wa filimbi wa Mfalme Frederick wa Prussia, kwa ajili ya mfalme huyo. Itazame sehemu ya mguu, yaani ncha ya chini: kuna vibonyezo viwili palipozoeleka kimoja. Kimoja ni cha D shapu, kingine cha E flati. Kwenye piano noti hizo ni kitufe kimoja, lakini kwa sikio la karne ya 18 E flati ilikuwa juu kidogo ya D shapu, na Quantz hakutaka kuzichanganya. Alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1752. Ukiwa na filimbi bila kitabu, kibonyezo cha pili utakiona kama pambo. Ukiwa na kitabu bila filimbi, utadhani ni nadharia tupu.

Filimbi za aina hiyo huwa pia na vipande kadhaa vya katikati vinavyobadilishana, kila kimoja kikiwa kirefu kidogo kuliko mwenzake. Kila mji ulikuwa na kimo chake cha sauti, hivyo mpulizaji alibadilisha kipande akifika ugenini. Mazoea ya leo ya noti ya A kuwa hezi 440 hayakuwepo. Filimbi za Quantz zilizobaki hulia vizuri karibu na hezi 390, chini kwa toni nzima. Anayepima filimbi ya zamani asipoandika ni kipande kipi cha katikati kilichokuwa kimefungwa, vipimo vyake vya urefu havina maana. Kipimo cha kwanza ni kutoka katikati ya tundu la mdomo hadi mwisho wa bomba. Cha pili ni upana wa ndani katika sehemu kadhaa, kwa sababu filimbi za aina ya Quantz hubana kadiri unavyoshuka mguuni. Mwaka 1847 fundi wa filimbi Theobald Boehm aligeuza mpangilio huo: bomba lake likawa sawasawa, milimita 19 kwa upana, na kubana kukahamia kwenye kichwa. Ukipata namba hizo mbili tu unaweza kuijua filimbi ya kabla na ya baada ya Boehm hata kama huna jina la fundi.

Picha za vyombo vingi vya Miller, pamoja na maelezo, ziko wazi kwenye tovuti ya maktaba. Kuviona vyenyewe ni kwa miadi na wahifadhi, na miadi hupatikana kwa urahisi zaidi mtu akitaja namba za DCM na swali lake kamili. "Ningependa kuona filimbi za kale" si swali. "Naomba kulinganisha vibonyezo vya mguu vya DCM 916 na vya filimbi nyingine za Berlin za wakati huo" ni swali.

Kwa vyombo vya nyuzi, habari kuu ni Gertrude Clarke Whittall. Katikati ya miaka ya 1930 mfadhili huyo aliipa maktaba vyombo vitano vya Antonio Stradivari, fundi wa Cremona, Italia: violini ya "Castelbarco" ya 1699, "Ward" ya 1700 na "Betts" ya 1704, viola ya "Cassavetti" ya 1727, na chelo ya "Castelbarco" ya 1697, pamoja na pinde za fundi François Tourte. Sharti lake lilikuwa la busara kuliko zawadi yenyewe: vipigwe, na visitoke maktabani. Sharti hilo ndilo lililozaa desturi ya kuwa na kundi la wapigaji wanne wenye makao hapo. Budapest String Quartet walishika nafasi hiyo kuanzia 1940 hadi 1962, kisha Juilliard String Quartet kwa miaka mingi. Baadaye mpiga violini Fritz Kreisler akaongeza violini yake ya Guarneri del Gesù, fundi mwingine wa Cremona.

Anayevitazama vyombo hivi akumbuke kwamba karibu kila violini ya Stradivari iliyobaki duniani imefanyiwa kazi upya. Shingo imebadilishwa kwa ndefu zaidi na imeinamishwa nyuma, mhimili wa ndani chini ya uzi mzito umewekwa mkubwa zaidi, na nyuzi za utumbo wa kondoo zimeachia nafasi nyuzi zinazovutwa kwa nguvu kuliko zamani. Tumbo, mgongo na vanishi ni vya Cremona. Mkazo ni wa karne ya 19 na baada yake. Atakayesema anasikia "sauti aliyoikusudia Stradivari" anasema asichoweza kukithibitisha.

Hapa pana ushauri kwa wale wenye violini ya babu kabatini. Maneno "Antonius Stradivarius Cremonensis Faciebat Anno" kwenye kibandiko cha ndani hayathibitishi chochote. Viwanda vilibandika nakala za kibandiko hicho ndani ya maelfu kwa maelfu ya violini za bei nafuu, kuonyesha tu umbo lililoigwa. Angalia kama kuna jina la nchi kwa Kiingereza chini yake. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka, kwa hiyo neno "Germany" ni ishara ya violini iliyouzwa Marekani baada ya hapo, na "Czechoslovakia" haiwezi kuwa kabla ya 1918. Wataalamu huhesabu pia pete za mti wa sprusi kwenye tumbo la chombo. Hesabu hiyo huonyesha tu mwaka ambao chombo hakiwezi kuutangulia; haimtaji fundi.

Twende kwenye karatasi, ambako hazina ni nyingi zaidi na watazamaji ni wachache zaidi.

Chumba cha kusomea cha sanaa za maonyesho kiko kwenye jengo la James Madison, chumba LM 113. Kinachohitajika kwanza ni kadi ya msomaji, ambayo ni bure kwa mtu wa miaka 16 na kuendelea mwenye kitambulisho cha serikali chenye picha, pasipoti inatosha. Begi na koti hubaki kwenye kabati. Penseli tu, kalamu ya wino marufuku. Mikono safi na mikavu inatosha kwa karatasi. Glavu za pamba hupunguza hisia za vidole na kuchana kona za kurasa, hivyo usishangae ukiambiwa uzivue. Chuma, vioo na picha ni jambo jingine. Sehemu ya mikusanyo huhifadhiwa nje ya majengo ya katikati ya jiji, kwa hiyo aliyefika bila kuagiza mapema anaweza kukaa siku nzima akisubiri kasha lisilofika.

Kosa la kawaida katika katalogi ni kutafuta kwa jina la utani la kazi. Katalogi za muziki hupanga kazi kwa aina na idadi: sonata huandikwa kwa wingi, ikifuatiwa na chombo, namba, opasi (namba ya kazi za mtunzi) na ufunguo. Anayetafuta "Mwanga wa Mwezi" atapata takataka nyingi. Anayetafuta Beethoven, sonata, piano, opasi 27, namba 2, atapata kila chapa iliyopo. Kwa Mozart tumia namba ya K (ya orodha ya Köchel), kwa Bach BWV (ya orodha ya kazi zake). Majina ya Warusi huandikwa kwa njia nyingi, na katalogi hii imechagua Tchaikovsky, Peter Ilich na Rachmaninoff, Sergei. Tahajia nyingine huenda zisikufikishe kote.

Herufi za rafu zina mantiki inayofaa kuijua. M ni nota zenyewe, ML ni vitabu kuhusu muziki, MT ni mafunzo. Ndani ya M, 23 ni sonata za piano, 452 ni kwarteti za nyuzi, 1001 ni simfoni, 1500 ni opera zenye sehemu zote za okestra, na 1503 ni opera zilezile kwa waimbaji na piano. Tofauti ya 1500 na 1503 imewaponza wengi: wameagiza nota za opera, wakaletewa zisizo na okestra. Miswada ya watunzi iliyoandikwa kwa mikono yao imekaa kwenye ML96.

Mikusanyo mikubwa ya watu binafsi, kama wa Leonard Bernstein au wa ndugu George na Ira Gershwin, haiorodheshwi kipande kwa kipande kwenye katalogi kuu. Ina mwongozo wake unaotaja kasha na folda. Soma mwongozo huo nyumbani, nakili namba ya kasha na folda, ndipo uagize. Kwa miswada ya kabla ya katikati ya karne ya 19, ingia pia kwenye katalogi ya RISM, mradi wa kimataifa wa kuorodhesha vyanzo vya muziki ulioanza mwaka 1952. Humo kifupi cha Maktaba ya Bunge ni US-Wc. Uzuri wake ni kwamba unaweza kutafuta kwa noti za mwanzo za wimbo: kipande kisicho na jina la mtunzi mara nyingi hupata jina lake kwa njia hiyo.

Mfano mzuri wa mswada ni serenadi ya Mozart ya K. 361, inayojulikana kama "Gran Partita". Nakala ya mwandiko wa Mozart mwenyewe iko Washington. Vipindi vingi vya matamasha huiita serenadi ya vyombo 13 vya kupuliza. Fungua mswada: vya kupuliza ni 12, na cha 13 ni besi kubwa ya nyuzi. Mozart ameandika kwamba besi ipigwe kwa kidole hapa na kwa upinde pale, na hakuna namna ya kuvuta uzi kwa kidole kwenye basuni. Waliokuwa wakiweka basuni kubwa mahali hapo hawakuuangalia ukurasa. Jina lenyewe la "Gran Partita" halikuandikwa na mkono wa Mozart, wala mwaka ulioandikwa juu ya ukurasa haukubaliwi na wachunguzi.

Mswada usio na tarehe ya kuaminika husomwa kwa karatasi yake, na njia hii mtafiti wa muziki Alan Tyson aliifikisha mbali kwa miswada ya Mozart. Karatasi ya enzi hiyo ilitengenezwa kwa mkono, kwa kuchota rojo kwa fremu ya waya, na waya uliosokotwa kwa umbo fulani uliacha alama, iitwayo alama ya maji, inayoonekana karatasi ikiwekwa mbele ya mwanga. Karatasi kubwa ikikunjwa na kukatwa vipande vinne, kila kipande hubeba robo ya alama. Kwa hiyo usiridhike na ukurasa mmoja: tafuta robo zote nne ndipo uchore umbo zima. Tena fremu zilitumika mbilimbili, na pacha hao hawakulingana kabisa, hivyo tofauti ndogo kati ya alama mbili haina maana ya viwanda viwili.

Kipimo cha pili ni mistari ya nota. Ilichorwa kwa kalamu yenye ncha tano au kwa mashine iliyochora ukurasa mzima kwa mpigo mmoja. Pima kwa milimita kutoka mstari wa juu kabisa wa ukurasa hadi wa chini kabisa. Kurasa zenye safu 12 za mistari zinazolingana kwa nusu milimita, na zenye alama moja ya maji, huenda zilinunuliwa pamoja; na kama moja wapo ni ya kazi yenye tarehe ya uhakika, nyingine zimepata jirani wa kuzipa umri. Usiegemeze rula juu ya wino, iweke pembezoni. Ukitaka kuona yaliyofutwa kwa kukwanguliwa, omba mwanga uje kwa ubavu badala ya juu. Na ukiona noti zimekuwa mashimo, si wadudu: wino wa chuma na asidi ya vinundu vya mwaloni umeila karatasi. Ukurasa kama huo haugeuzwi na msomaji, anaitwa mhudumu.

Nota zilizochapishwa nazo hazina tarehe mara nyingi, kwa sababu wachapishaji hawakutaka bidhaa ionekane chakavu. Tafuta namba iliyo katikati chini ya kila ukurasa. Hiyo ni namba ya bamba la chuma laini ambalo fundi aligongea noti kwa mihuri midogo, na kwa wachapishaji wengi kuna orodha zinazolinganisha namba hizo na miaka. Mtego wake: bamba lilidumu miongo. Mchapishaji akifilisika, mabamba yalinunuliwa na mwingine, jina likabadilishwa juu, namba ikabaki ileile. Namba hutaja mwaka bamba lilipotengenezwa, haitaji siku nakala yako ilipotoka mashinoni. Kwa hilo angalia nyufa. Bamba likipasuka huacha mstari mwembamba unaopita kwenye noti, na nakala isiyo na mstari ilitangulia.

Kuna mahali ambapo jengo lenyewe limeandika muziki. Mfadhili Elizabeth Sprague Coolidge aliijengea maktaba ukumbi wa muziki wa chumbani (wa makundi madogo) uliofunguliwa mwaka 1925, wenye viti takriban 500 na jukwaa dogo. Mtunzi Aaron Copland alipoagizwa kumtungia mcheza dansi Martha Graham baleti, ilibidi awe na wapigaji 13 tu: filimbi, klarineti, basuni, piano, violini nne, viola mbili, chelo mbili na besi moja. Ndiyo "Appalachian Spring", iliyochezwa humo kwa mara ya kwanza tarehe 30 Oktoba 1944. Anayeijua kwa okestra kubwa tu asikilize ya vyombo 13 akiwa na vipimo vya ukumbi kichwani. Ile ya okestra, kwangu, imenenepa mno.

Sauti zilizorekodiwa hukaa hasa Culpeper, Virginia, kwenye ghala la chini ya ardhi ambalo zamani lilikuwa la benki kuu. Miongoni mwa zilizo za kale zaidi ni silinda za nta alizorekodi mwanaanthropolojia Jesse Walter Fewkes mwezi Machi 1890 kwa Wapassamaquoddy, wenyeji asilia wa Maine, rekodi za kwanza za sauti zilizofanywa nyanjani. Silinda ya nta hushikwa kwa vidole viwili vilivyotanuliwa ndani ya tundu lake, kamwe si kwa nje: joto la kidole huacha doa, na mafuta yake hulisha ukungu, ambao hula nta na kuacha mlio wa kukaanga usiotoka. Siku hizi silinda mbovu haiguswi na sindano. Mtambo hupiga picha za mfereji kwa ukaribu mkubwa, na kompyuta hukokotoa sauti kutoka kwenye picha hizo. Mtindo huo ulibuniwa na wanafizikia wa maabara ya Berkeley kwa kushirikiana na maktaba.

Kasi ndiyo inayowadanganya wasikilizaji. Silinda nyingi za kibiashara za karne ya 20 ni za mizunguko 160 kwa dakika, lakini za nyanjani zilizungushwa kwa kasi yoyote iliyomfaa mrekodi, kwa mfano polepole ili dakika ziongezeke. Ukipiga kwa 170 iliyorekodiwa kwa 160, wimbo unapanda nusu toni nzima, na mwimbaji anageuka kijana. Warekodi makini walipuliza filimbi ya kupimia mwanzoni. Bila hiyo, usiandike kimo cha sauti kama ukweli.

Kwenye santuri, namba ya kibandiko ni ya duka. Namba yenye habari ni ile iliyochorwa kwenye sehemu tupu kando ya kibandiko, inayotaja kipindi cha kurekodi na jaribio la ngapi. Santuri mbili za kibandiko kimoja zinaweza kuwa na majaribio tofauti, yaani upigaji tofauti kabisa. Zilizorekodiwa kabla ya 1925 zilikusanya sauti kwa pembe bila umeme, na pembe haikuzisikia besi za nyuzi. Studio ziliweka tuba mahali pa besi na violini zenye pembe ya chuma badala ya mwili wa mti. Usijenge hoja kuhusu okestra za jukwaani za wakati huo kwa kusikiliza santuri pekee; linganisha na nota zilizotumika, ambazo huenda zimo Idara ya Muziki.

Kuhusu kunakili: kwa sheria ya Marekani ya 2018, rekodi za sauti za kabla ya 1923 zilikuwa huru kuanzia 1 Januari 2022, na za 1923 hadi 1946 hufunguliwa baada ya miaka 100, mwaka baada ya mwaka. Huo ni uhuru wa rekodi peke yake. Utunzi ulio ndani yake una hesabu nyingine. Zile silinda za Fewkes zinafuata utaratibu tofauti tena: Wapassamaquoddy wenyewe wameshirikiana na maktaba kuzisikiliza upya, kuandika maneno yake kwa lugha yao, na kuweka alama zinazoeleza ipi isikilizwe na nani. Soma alama hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kupakua.